Mjadala: Mount Gelai, watu wa kujitolea waishie wapi?

Spana17
Injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli Nairobi pamoja na mwenzake 5930, Mount Shengena. Zote ni Garratt (injini ndefu zenye mafungu mawili ya magurudumu yanayojipinda kwenye kona) za kundi la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester miaka ya 1950, kila moja zaidi ya tani 250. Wanaojitolea kuzikarabati waruhusiwe kufika wapi? Msimamo wangu: kinachofunguka kwa spana ni chao. Injekta (kifaa kinachosukuma maji kuingia kwenye boila), valvu za usalama, vioo vya kupimia maji. Boila yenyewe, chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, wasiiguse.

Binti Voi
Ukiacha boila umeacha injini. Unyevu hutuama chini ya pipa la boila na kulitoboa bati vishimo hata injini ikiwa imesimama tu. Kutu haisubiri kibali. Wafundishwe kufungua plagi za kusafishia, kutoa matope, kukausha ndani, kisha kupima unene wa bati kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na kuandika kila namba. Wanaohitaji cheti ni wachomeleaji.

Mzee wa Karakana
Sawa binti, ila kabla ya bati kuna blanketi la kuzuia joto. Boila za enzi hizo mara nyingi zilivikwa asbesto. Ukiikwangua kavu, nyuzi zake zinaishia mapafuni. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vyake.

Halafu kuna bolti zinazoshikanisha kuta za tanuru na ganda la nje. Ukizigonga kwa nyundo ndogo, iliyokatika hulia tofauti, lakini iliyopasuka nusu inaweza kukudanganya. Kundi la 59 lilifanya kazi kwa shinikizo la psi 225 (pauni kwa inchi ya mraba). Maji kwenye shinikizo hilo yana joto la Selsiasi 200 hivi, na bati likiachia, sehemu yake hulipuka kuwa mvuke papo hapo. Moto usiwashwe kabla ya boila kujaribiwa kwa shinikizo la maji baridi mbele ya mkaguzi. Hapo sijadiliani na mtu.

Spana17
Hata hivyo vipuri "vidogo" vinaharibiwa, mzee. Injekta ikigoma, mara nyingi koni zake, vile vijitundu vya ndani vinavyoyapa maji kasi, zimeshika chokaa, na mtu anachukua bisibisi anakwangua. Tundu likipanuka kidogo tu, maji hayapati kasi ya kuingia kwenye boila, yanamwagika nje. Loweka kwenye asidi ya limau, suuza, pima tundu, linganisha na mchoro. Koni zikiwa safi na bado inagoma, tafuta hewa inayoingia kwenye maungio ya bomba la kuvutia, au maji ya tangi yaliyopata moto mno.

Na bolti! Nusu inchi ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ina thredi 12 kwa inchi, pembe digrii 55. UNC, kipimo cha Kimarekani, ina 13, digrii 60. Ukiilazimisha UNC kwenye tundu la Whitworth, inaingia mizunguko michache, mtu anaongeza bomba kwenye spana, thredi za shaba zimekwisha.

Binti Voi
Kama lengo ni mvuke, mbona tunaanza na jitu? Injini ndogo zaidi, 3020, Nyaturu, iko palepale makumbusho. Silinda 2 badala ya 4, na haina yale maungio ya mvuke ya Garratt yanayopinda kwenye kona, ambayo pakingi zake (vizibo vya kuzuia mvuke) zikichoka huvuja daima.

Mzee wa Karakana
Wageni wanakuja kwa ajili ya Garratt, hilo nalo tulikumbuke. Lakini kwa hesabu ya pakingi umenishinda. Orodha ya vipuri vya 3020 ianze, na vipimo vya bati la tanuru vije kwanza.