Tupeane uzoefu: wazee wetu kando ya barabara kuu, na viwanja wanavyopangiwa kule ndani

Mwanzisha mada (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kwenye mkutano wa mtaa wetu tuliwekewa mchoro ukutani. Mstari wote unaopakana na barabara ya kwenda Lindi umepakwa rangi ya biashara: maduka, maegesho ya malori, kituo cha mafuta. Kule nyuma kabisa, ukishapita mikorosho, kuna kipande kimeandikwa "huduma za jamii, makazi ya wazee". Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa: "Mbona mmetuweka jirani na makaburi? Mnapunguza gharama za usafiri?" Watu wakacheka, bwana mipango naye akacheka, kikao kikafungwa.

Mimi sikucheka sana. Bibi yangu ana miaka 78, anauza karanga barazani kwake, na baraza hiyo inatazama lami. Wenye wazee walioguswa na mambo haya, iwe Mtwara au Lindi, tupeane uzoefu. Mkutano mwingine ni Alhamisi.

Njia_ya_Masasi

Mkuu, kwanza kapime. Baba yangu alijenga mwaka 1986 huku upande wa Nyangao. Enzi hizo hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande, na yeye akakaa mita 25 kwa usalama. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ikawa mita 30 kila upande. Mzee amelala nje ya hifadhi, kaamka ndani yake, hajasogeza hata tofali.

Wakaja watu wa barabara na rangi za kuweka alama ukutani. Baba akapata X ya kijani, maana barabara ndiyo iliyomfuata, anastahili fidia. Jirani yetu alijenga mwaka 1998 mita 18 tu, akapata nyekundu: yeye ndiye aliyeifuata barabara, halipwi kitu. Walikuwa marafiki wa bao miaka yote. Baada ya rangi hizo bao lilisimama karibu mwaka mzima.

Shida ya kijani ni kusubiri. Ukishawekewa alama unaambiwa usiendeleze. Bati likitoboka, mzee anaogopa kulibadilisha asije akaambiwa kaongeza thamani. Tuliishi na ndoo tatu sebuleni, masika na masika.

Halafu kipimo kinaanzia KATIKATI ya barabara, si ukingoni mwa lami. Wengi wanakosea hapo.

Mama_Chikongola

Mama yangu alihamishwa akapewa kiwanja cha mita 20 kwa 30 kwenye viwanja vya mradi. Kwenye karatasi ni pazuri. Barabara za ndani zimechorwa, hata bustani imechorwa. Ukifika unakuta mchanga mtupu na bikoni za mipaka. Maji ya kununua kwa dumu. Kliniki ya presha ni bodaboda kwenda na kurudi, na dereva akiona mchanga anapandisha bei.

Lakini kilichomuumiza si hicho. Alikuwa amezoea kuona basi la asubuhi likipita, anajua ni saa ngapi, anajua nani amesafiri, nani amerudi na mzigo. Kule ndani alikuwa anauliza saa kila mara. Miezi minane tu, akatuambia tumtafutie chumba cha kupanga kule kule alikotoka. Sasa hivi nyumba yake mpya anakaa mpangaji, na yeye mwenyewe ni mpangaji. Mnisaidie, hii nayo ni maendeleo?

Mpwa_wa_Newala

Ngoja niongeze la kwetu, maana halizungumzwi. Sisi Wamakonde nyumba ina mjomba, yaani ardhi hufuata ukoo wa mama. Wathamini wa fidia walipokuja walimkuta babu barazani, wakaandika jina lake, wakampiga picha ameshika kibao chenye namba mbele ya mlango. Kumbe uwanja ni wa ukoo wa bibi, babu alikuja kuoa hapo. Siku ya majina kubandikwa kwenye ubao, wajomba wakaja wakiwa wamevaa vizuri. Hakuna aliyegombana kwa sauti, ila hakuna aliyekula siku ile.

Tukarudi kwa mtendaji, tukafanya kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, wakasaini pande zote mbili. Ilituchukua msimu mzima wa korosho. Kama bwana ardhi angeuliza swali moja tu, "huu uwanja ulitoka kwa nani?", tusingefika huko.

Niliwahi_Kukaa_Kamati

Nimekaa kwenye kamati ya halmashauri moja huku kusini, jina silitaji. Sikilizeni namna kipande cha wazee kinavyopotea, kwa sababu hakiibiwi usiku. Kinabadilishwa matumizi mchana kweupe, kwa utaratibu.

Anayetaka eneo anaomba kubadili matumizi. Tangazo linatoka gazetini na bango linasimikwa kiwanjani, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda ukiisha bila pingamizi, maombi yanasonga mbele. Sisi tulikuwa na eneo la wazee karibu na njia panda, zuri kweli. Bango lilisimikwa limeelekea mkorosho, likawa linasomwa na mbuzi. Gazeti nani ananunua kijijini? Pingamizi sifuri. Leo pale wanauza dizeli.

Nami nilinyoosha mkono kuunga, sijifichi. Kwa hiyo Alhamisi msiulize tu "mtajenga lini". Ombeni nakala ya mchoro ulioidhinishwa, namba yake iandikwe kwenye muhtasari wa mtaa.

Nesi_Mstaafu

Jamani, tusipambe sana barabara. Nimefanya kazi wodini, nimepokea wazee waliogongwa wakivuka kwenda msikitini alfajiri. Malori ya saruji, ya korosho, na siku hizi ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini hayalali. Mzee mwenye mtoto wa jicho anasikia lori, halioni, anaamini liko mbali.

Mimi ningesema mstari wa pili. Mbele yakae maduka, nyuma yao tu nyumba za wazee, na kichochoro kipana cha kupita kwa miguu hadi kituo cha basi, na matuta mbele ya kivuko. Mzee anasikia makelele ya watu bila kumeza vumbi. Haihitaji kiwanja kikubwa. Inahitaji anayechora awe amewahi kumsindikiza mzee njiani hata mara moja.

Mama_Chikongola

Nesi, mstari wa pili ndio wenye bei baada ya wa kwanza. Nani atawaachia wazee?

Nesi_Mstaafu

Ndiyo maana unaandikwa kwenye mchoro mapema, mama, kabla madalali hawajaamka. Mnakumbuka viwanja vya Mtwara vilivyopanda enzi za gesi? Kila mwenye shamba la mihogo alikuwa na mgeni wa Dar kibarazani.

Mtu_wa_Ruangwa

Wanaochanganya haya na makazi ya serikali ya wazee: yale ni ya wasio na ndugu. Sera ya Wazee ya 2003 ilisema mzee atunzwe na familia na jamii yake, makao ni mwisho wa njia. Sasa kama familia inatunza, basi ramani iiwezeshe familia hiyo. Sina zaidi.

Njia_ya_Masasi

Nimesahau kumalizia. Baba alilipwa. Hesabu si nyumba tu: kuna posho ya usumbufu, ya usafirishaji, na ya pango la makazi kwa miezi 36. Na fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6, kanuni zinataka riba. Tulidai riba, wakatutazama kama tumetukana, lakini tulidai. Bao limerudi pia.

Mwanzisha mada

Asanteni wote. Nimekopa futi kamba ya fundi leo asubuhi. Mimi nilisimama katikati ya lami, mdogo wangu akizuia bodaboda, bibi akashika ncha nyingine barazani. Mita 33 na kitu. Akaniuliza tumebakiwa na ngapi. Nikamwambia tatu. Akaitazama meza yake ya karanga, akaivuta kidogo kuelekea mlangoni, akasema Alhamisi na yeye anakuja, nimtafutie kiti chenye mgongo.