MREJESHO: Video kugoma kucheza kwenye PSP

Wakuu habari, nilileta hapa shida ya video zangu za MKV, nimebadilisha kuwa MP4 (zote ni aina za faili la video) lakini PSP, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony, inagoma kuzifungua, zingine hata hazionekani kwenye menyu. Nimerudi kuwapa mrejesho.

Kwanza asanteni sana, mlinisaidia kwa moyo. Aliyesema MP4 ni boksi tu na cha kuangalia ni kilichomo ndani alinifungua macho kabisa, maana HandBrake, programu niliyotumia kubadilisha video, ilikuwa inatoa H.264 (njia ya kubana picha) ya profaili ya High, yaani ngazi ya juu, wakati PSP inataka Main. Nikaweka Main, levo 3.0, saizi 480 kwa 272 sawasawa na kioo chake, sauti AAC ya stereo, nikatupia kwenye folda ya VIDEO kwenye memori kadi na ikakubali palepale, picha safi na sauti inaenda na midomo. Zile katuni ambazo rangi zake ni za biti 10 nazo zimekubali baada ya kuzirudisha biti 8, nilitumia FFmpeg (programu nyingine ya kubadilisha video) na yuv420p (mpangilio wa rangi wa biti 8) kama mlivyoelekeza.

Kilichogoma ni sabtaitoli, yale maandishi ya maneno yanayosemwa. Kuziacha kama traki ya pembeni haisaidii, PSP haizionyeshi, kwa hiyo nimezichoma kwenye picha yenyewe, zinatokea ila herufi ni ndogo mno kwa kioo kile, mistari miwili ikija pamoja macho yanauma. Mwenye njia ya kukuza herufi kabla ya kuchoma naomba aniwekee hapa, nitajaribu na kuleta majibu.