Nimepangiwa wakala wa usafiri wa jiji, kitengo cha sheria, upande wa mikataba. Naombeni ushauri

Msomi wa Kinyerezi

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni wakili, nipo kwenye kampuni ya mawakili hapa Dar, na kazi yangu kubwa ni mikataba ya mikopo ya benki na dhamana zake. Nimeitwa kazini kupitia Sekretarieti ya Ajira na kupangiwa wakala unaosimamia mabasi ya jiji. Mshahara unashuka, tena si kidogo. Wateja binafsi na hela ya jioni ya kugongea watu muhuri wa wakili kwenye nyaraka vyote vinakoma. Hayo tumeyajadili nyumbani na mume wangu, yameisha.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Nikiwa upande wa benki nimeshuhudia mwanasheria wa taasisi ya umma akiletewa kitabu kizima cha mkataba Ijumaa mchana, na hafla ya kusaini ni Jumatatu. Sitaki kuwa mtu wa kubariki yaliyokwisha kuamuliwa. Naomba waliokaa kwenye dawati hilo waniambie: mwanasheria wa ndani ana nguvu gani hasa, na nijisomee nini kabla ya kuripoti? Nawasilisha.

Tumbo Joto

Dada, baki huko huko. Serikalini utazeeka unasubiri faili lirudi.

Mpekuzi

Hongera sana dada, na usivunjike moyo. Nguvu yako ipo, ila ipo mapema. Rasimu ya mkataba ni sehemu ya nyaraka za zabuni. Ikishapanda kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na wazabuni wakaweka bei kwa masharti yale, huwezi kuja kuyageuza kwenye majadiliano na mshindi. Aliyeshindwa atakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na atakuwa na hoja. Kwa hiyo anayesubiri upekuzi, yaani mkataba kupitiwa kisheria kabla ya kusainiwa, ndipo afungue macho amechelewa. Ukifika, omba kukaa na watu wa ununuzi na idara yenye uhitaji wakati wanaandika wanachotaka kununua. Mara nyingi mambo huharibika pale, kwenye maelezo ya kazi, sio kwenye vifungu vya sheria.

Mikataba mikubwa itapita kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ile ni ngao yako, itumie. Na maoni yako yote yaingie kwenye faili, yana tarehe na saini. Uliyoyasema kwenye korido hayatakusaidia wakaguzi wakija.

Mhandisi Mstaafu

Mwanangu, umetoka kwenye mikopo, kwa hiyo swali la nani anabeba hasara unalijua. Lipeleke kwenye mabasi. Mtoa huduma analipwa kwa kilomita au kwa kichwa cha abiria? Ukimlipa kwa kilomita, atazungusha basi hata tupu, na wakala ndio utakaobeba upungufu wa nauli. Hapo lazima mkataba useme kilomita zinapimwaje na nani anathibitisha. Ukimwachia nauli, atajaza watu asubuhi na saa nne usiku humuoni. Halafu nauli yenyewe hapangi yeye. Huduma ya mabasi yaendayo haraka ya Kimara hadi Kivukoni ilipoanza Mei 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, iliyopangwa na mdhibiti wa usafiri, enzi hizo SUMATRA, leo ni LATRA. Dizeli ikipanda kesho na nauli ikabaki palepale, pengo ni la nani? Mkataba usiposema, mtakutana kwenye usuluhishi.

Jambo la pili, soma kifungu cha matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande zote, halafu nenda Jangwani wakati wa masika ukasimame darajani. Karakana ya mabasi iliwekwa pale, kwenye bonde la Msimbazi, na maji yameshaingia zaidi ya mara moja. Mafuriko yanayojulikana na kila mkazi wa jiji, unaweza kuyaita tukio lisilotarajiwa? Kwa maoni yangu hapana. Yataje kwa jina kwenye mkataba: nani anahamisha mabasi, mvua ikifika kiwango gani, bima ni ya nani.

Kwenye ujenzi, kama mkataba ni wa FIDIC, ile mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kariri siku 28 za kutoa taarifa ya dai. Na msimkabidhi mkandarasi eneo lenye nguzo za umeme na mabomba ya maji ambayo hayajahamishwa. Atadai muda na pesa, na atalipwa.

Abiria wa Mbagala

Sio mwanasheria mimi, naomba niseme moja tu. Kwenye hiyo mikataba abiria tunaonekana wapi? Mama yangu anatumia magongo. Mteremko wa kuingilia kituoni ukivunjika, nani anawajibika kuutengeneza, na ndani ya siku ngapi? Ukifika hapo dada, tafadhali tuandike.

Bi Mkubwa wa Sheria

Nimefanya serikalini hadi nikastaafu. Mwanangu, kasome shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, hukumu ya 2008. Ni mkataba wa maji wa Dar, uliokuwa mikononi mwa City Water, kampuni ya Biwater Gauff. Kampuni ilikuwa inafanya vibaya kweli. Lakini tarehe 13 Mei 2005 waziri alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa, huku utaratibu wa mkataba wenyewe haujafika mwisho, na tarehe 1 Juni viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Baraza la usuluhishi likasema nchi imekiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, ule wa nchi na nchi. Fidia hatukulipa, kwa sababu kampuni ilikwisha kuporomoka thamani, lakini tulihukumiwa. Siku bosi wako atakapotaka kumfukuza mtoa huduma mbovu, na siku hiyo itakuja, wewe ndiye wa kumwambia: tuhesabu notisi kwanza.

Msomi wa Kinyerezi

Shikamooni wakubwa, na asanteni wote. Ndugu wa Mbagala, nimekusikia. Naenda kuripoti. Swali la mwisho kwa Mpekuzi: wiki ya kwanza nianzie wapi?

Mpekuzi

Omba orodha ya mikataba yote iliyo hai, halafu chomoa dhamana za benki walizoweka wakandarasi, za utekelezaji wa kazi na za malipo ya awali, moja moja uangalie zinaisha lini. Wewe umetoka benki, hili huhitaji kufundishwa. Mradi umeongezewa miezi na dhamana haikuhuishwa, hizo utazikuta. Andika barua siku hiyo hiyo.