Tupeane uzoefu: kupiga muziki Lamu, mji usio na gari na chumvi inayokula waya

Uzi huu ni wa vikundi vidogo visivyo na promota: taarabu ya udi, vijana wenye kinanda na maikrofoni mbili, yeyote. Habari za nani kagombana na nani zibaki barazani. Hapa tuandike vipimo, na nini huharibika kwa sababu gani.

Naanza na uchukuzi, maana huko ndiko shoo nyingi hufia. Mzigo ukitoka Mombasa hushuka Mokowe, gati la upande wa bara, kisha chombo mpaka gatini Lamu. Angalia maji kabla hujaangalia saa. Siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3, na maji yakipwa chombo hukaa chini kabisa ya ngazi zenye utelezi. Spika ya inchi 15 yenye amplifaya ndani ina kilo 20 hivi. Kuipandisha hapo yataka watu wawili na wa tatu wa kuwashika wao. Shusheni maji yakiwa yamejaa. Na kujaa husogea dakika 50 hivi kila siku, kwa hivyo saa iliyofaa Jumatano haitafaa Jumamosi. Turubai lifungwe kabla ya kung'oa nanga, si mawimbi yakishaanza kurusha.

Pwani, mbele ya mji, mkokoteni unapita. Ndani ya mitaa sahau. Kuna vichochoro punda wawili hawapishani. Punda abebe stendi, waya na viti. Spika zibebwe na watu, kwani punda akijisugua ukutani hubonyea wavu wa mbele, kisha koni.

Fundi wa umeme, Langoni
Spika mbili, miksa na kinanda kwa muziki wa kawaida hazivuti hata wati 1,000, hata kama kila spika imeandikwa 1,000 mgongoni. Lakini mkiunga na taa na feni hapo hapo, ampea 10 si mbali. Eksitensheni ya mita 50 ya waya wa unene wa 1.5 (milimita za mraba) hupoteza volti 14 au 15 kwa ampea hizo, ya 2.5 hupoteza 9. Usiku umeme wenyewe huwa tayari uko chini ya 240, ndiyo maana miksa ya kidijitali hujizima katikati ya wimbo na mpiga kinanda akalaumiwa. Chukueni 2.5, na mkunjue waya wote kutoka kwenye kigurudumu chake: waya uliobaki umezungushwa hupata moto mpaka ganda likayeyuka.

Mngurumo wa chini usiokoma mara nyingi ni vifaa kuungwa kwenye soketi za nyumba mbili. Vyote vitoke soketi moja. Ukibaki, tumia kisanduku cha DI (kinachounga ala na miksa) chenye swichi ya kukata athi (waya wa ardhini) upande wa sauti tu. Anayekata waya wa athi kwenye plagi ili mngurumo uishe anamwekea mwimbaji umeme mdomoni.

Jenereta: wakati wa kusi liwe kaskazini mwa watu, wakati wa kaskazi liwe kusini, mita 30 au zaidi. Upepo uchukue kelele, usizilete.

Mpiga udi, Mkomani
Udi wa kupiga, si wa kufukiza. Nyuzi 11, jozi tano na moja pekee, na mafundi wengi wa sauti huelekeza maikrofoni kwenye tundu kubwa. Hapo hutoka besi ya mtungi. Iwekeni sentimita 20 hadi 30, ielekee kati ya tundu na daraja, mkate masafa ya chini ya hezi 100. Ikianza kupiga ukelele, punguzeni monita (spika inayowaelekea wapigaji) kwanza, udi muuache.

Mbao hunywa unyevu. Udi ukitoka chumba chenye eyasii ukapandishwa darini, utauona ukishuka na kupanda wimbo mzima. Utolewe mfukoni nusu saa kabla, kivulini, ndipo utuniwe. Tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, nayo hukamata sauti kwa sumaku, kwa hivyo huvuta mngurumo wa transfoma iliyo karibu. Igeuzeni upande kabla hamjamtafuta fundi.

Uani mwa nyumba za mawe msijaribu kuongeza sauti ili maneno yasikike. Kuta ngumu zenye lipu laini hurudisha kila kitu. Shusha sauti, tundika mikeka miwili mitatu ukuta unaotazamana na spika. Chini ya makuti hayo si lazima.

Wa Malindi
Huku tuktuk hufika mlangoni, kwa hivyo hayo ya bamvua tumewaachia. Chumvi ni ile ile. Baada ya kila shoo ya ufukweni pangusa pini za XLR (plagi za maikrofoni) kwa spiriti ya isopropili, si mafuta ya kufungulia kufuli; yale huacha utando unaoshika vumbi. Kitufe cha miksa kikikwaruza, kizungushe mara 20 mwisho hadi mwisho kabla ya kukifungua. Kebo zisilale sakafuni.

Mwanzisha uzi
Kuongezea: kujaribu sauti kufanyike baina ya alasiri na magharibi, na muziki uanze isha ikishaswaliwa, saa tatu kasorobo hivi. Spika zielekee baharini, migongo ya wapigaji iwe mjini. Uwanja wa ndani wa Ngome huombwa kwa Makumbusho ya Taifa. Barua ya OCS (mkuu wa kituo cha polisi) iwe nakala mbili, moja irudi na muhuri. Na msikiti wa jirani uambiwe kwa mdomo, na mtu mzima, si kwa ujumbe wa simu.

Mshika beseni
Pesa gaweni kama mashua ya uvuvi, chombo nacho kina fungu; kwetu spika na miksa ndiyo mashua. Mfano: zimeingia 21,000, chombo, mafuta na wachukuzi 7,000, zimebaki 14,000. Wapigaji watano fungu moja moja, spika na miksa mawili. Kila fungu 2,000. Gharama zitoke kwanza, kabla ya mtu yeyote kuombwa kusubiri. Tuzo za mwimbaji ndizo zinazovunja vikundi: semeni kabla ya kupanda chombo kama zinaingia beseni, yaani mfuko wa pamoja, au ni zake. Zilizotumwa kwa simu pia.