Kibarua akiungua kiwandani, alaumiwe nani?

Mpangaji: Jirani yangu kaungua miguu kwenye tanuru la nondo. Kampuni inasema hakuvaa buti. Kosa la nani?

Msimamizi wa Zamu: Nimesimamia miaka tisa. Buti unampa Jumatatu, Ijumaa ziko mnadani, yeye yuko na malapa. Mkiungua mnaanza kulia. Na maziwa tunawapa kila siku!

Binti Vingunguti: "Mkiungua"? Kumbe ninyi wakubwa hamuungui. Baba yangu alipewa buti mbili, zote za mguu wa kushoto. Hakuuza, nani angenunua?

Fundi Mitungi: Buti hazizuii mlipuko. Chuma chakavu kikiingia tanuruni na maji ndani, au mtungi uliozibwa, yanageuka mvuke ghafla na uji wa chuma unarukia watu. Wa kuulizwa ni aliyepokea mzigo bila kuuchambua. Kiwandani Mtibwa, Mei 2024, walikufa watu 11 kwa mvuke. Nao walivaa malapa?

Msimamizi wa Zamu: Mtibwa ni sukari. Usichanganye mafaili.

Fundi Mitungi: Mvuke unajua sukari?

Deiwaka: Na fidia je? WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wanatukata asilimia moja na hatuoni kitu.

Binti Vingunguti: Kaka, ile moja ilikuwa zamani, tangu 2022 ni 0.5. Na anayelipa ni mwajiri, si wewe. Kama unakatwa, mtu anakula hela yako.

Deiwaka: Mwajiri yupi, dada? Kiwanda kinasema mimi ni wa wakala. Wakala hapokei simu. Jina langu liko kwenye daftari la getini tu.

Muuguzi: Mimi nimekwama kwenye maziwa. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanaenda tumboni. Yatakutana wapi?

Mzee Ufi: Binti, 1978 tulipewa nusu lita kila zamu. Mpaka leo sijakohoa.

Muuguzi: Shikamoo mzee. Na wenzako wa zamu ile wako wapi?

Mzee Ufi: Usinizikie watu humu! Wengine walikufa kwa malaria.

Msimamizi wa Zamu: Kwetu siku hizi ni mtindi, kipakti.

Mzee Ufi: Ndiyo maana mnakohoa. Mtindi hausafishi, lazima yawe freshi.

Mpangaji: Jamani, jirani yangu bado yuko wodini.

Deiwaka: Pole yake. Huo mtindi wanagawa saa ngapi? Sisi wa wakala hatujawahi kuuona.