Nina mpunga gunia 85 ghalani Ubaruku: niuze sasa au nisubiri Desemba?

Binti Uyole (12/8/2023)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, na naomba tusitukanane maana usiku silali.

Nina mpunga gunia 85 kwenye ghala la watu Ubaruku, Mbarali. Ni mbegu ya Supa, umekauka vizuri, nimeupanga juu ya chaga. Mnakumbuka mwezi wa pili mchele ulivyotupeleka, kilo moja shilingi 3,000 na kuendelea. Kwangu wali ukawa chakula cha Jumapili tu, na mtoto wa mwisho akawa ananiuliza Jumatatu kama kesho ni Jumapili. Nikaapa safari hii nitakuwa na mzigo, sitakuwa mnunuzi. Niliposikia India wamefunga kuuza mchele mweupe nje, mwezi wa sita nikaingia sokoni nikanunua. Nchi ile peke yake ni karibu asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa kati ya nchi na nchi. Kila mtu ananiambia kaa nao mpaka Desemba. Lakini dalali wa pale ghalani anasema bei imesimama wiki ya tatu sasa.

Niuze au nisubiri?

Kiguu na Njia
Subiri dada, ila usidanganyike na habari za kuvusha mpaka. Mwezi wa tano nilikuwa Namanga na mahindi ya bosi. Mpaka ulikuwa wazi, hakuna aliyesema marufuku, lakini walitaka kibali cha kusafirisha mazao, leseni na TIN, na sisi tulizoea kupita na karatasi mbili. Nimelala chini ya gari siku tisa. Siku ya sita mvua ikapiga, turubai lilikuwa na tundu dogo kama sarafu, na gunia zile za chini yake zikaanza kuota. Bosi alinikata mshahara. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "soko lipo Kenya" namuuliza karatasi zako ziko wapi.

Maalim wa Mtaa
Dada yangu, mimi sikuulizi bei. Nakuuliza unalala vipi ukijua unangoja jirani yako ashindwe kupika ndipo ufungue ghala? Kuhodhi chakula mpaka watu wapate dhiki ni jambo lililokatazwa. Uza kwa faida ya haki, Mungu atatia baraka.

Mkulima Halisi
Maalim, usimwonee huyu dada tu. Mpunga wa nani huo? Wetu. Mwezi wa sita nina deni la mbolea, ada ya mtoto wa kidato cha tatu na trekta linadai. Mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, analishonea kofia juu, analiita gunia moja. Nauza maana sina ghala na sina siku mbili za kusubiri. Mwezi wa pili narudi dukani kununua mchele uliotoka shambani kwangu kwa bei mara mbili. Mpunga ukianza kunilipa ndipo wanatokea watu wa mjini kulia kwamba wali umepanda. Sisi shambani tulie kwa nani?

Bibi Chapati
Poleni wote. Mimi nasemea jikoni. Supa ukipanda bei changanya na mchele wa mbegu ya Saro 5 nusu kwa nusu, harufu inabaki na sufuria inajaa. Chenga zisitupwe: loweka usiku kucha, twanga, kaanga vitumbua. Wajukuu wangu walikula vitumbua vya chenga mwezi wa pili wote na hakuna aliyejua shida ilikuwepo.

Hesabu Kwanza
Dada, tuache vitumbua kidogo. Maswali matatu. Umenunua bei gani? Hela ya nani? Na kwa nini Desemba?

Binti Uyole
Gunia 40 nilinunua kwa 110,000, gunia 45 kwa 130,000. Hela ni yangu na ya nyumbani. Desemba ni kwa sababu ya sikukuu, mchele unatoka sana.

@Maalim wa Mtaa sijahodhi. Mpunga wangu hauzidi wa duka moja la Mwanjelwa.

Hesabu Kwanza
Hapo kwenye Desemba ndipo panaponikaa kooni. Mtu mwenye mpunga wa Mbarali na hela yake mwenyewe hasemi Desemba. Mavuno ni wa tano hadi wa saba, kwa hiyo mchele unakuwa adimu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wewe mwenyewe umetuambia ulichoumia ni Februari. Anayeingojea Desemba ana kitu kinachomdai Desemba. Ni benki? Ni mtu?

Mtoto wa Darajani
Nawasoma kutoka Unguja. Nyie mna mpunga mlangoni mnagombana, sie huku tunakula mapembe, mchele wa kuletwa na meli. India ikifunga, mwenye duka hatuambii imepanda, anapunguza kipimo tu. Bi mkubwa wangu kashagundua, anaubeba mchele kutoka dukani mkononi anaupima kwa uzito wa mkono wake. Allah atufanyie wepesi.

Binti Uyole (13/8/2023)
Nimefikiri usiku wote kama nijibu.

Ile 5,850,000 ya gunia 45 ni ya kikoba. Tuko wanawake 26 na mimi ndiye mweka hazina. Tunavunja tarehe 16 Desemba, kila mtu anachukua chake, wengine ni ada za Januari. Sikuiba. Mikopo kikundini ipo, kila mtu anakopa, anarudisha na riba. Mimi nilikusudia kuandika mkopo wangu kwenye daftari kikao kinachofuata, mzigo ukawa umeshanunuliwa, nikaona niwape faida kubwa kuliko riba. Kama ningeuliza, wangebishana mwezi mzima na mpunga ungeisha sokoni. Mume wangu ni dereva wa masafa, anajua mpunga upo, hajui hela.

Msinihukumu. Kila aliyewahi kusimamia hela za watu anajua zinavyokaa tu bila kazi.

Maalim wa Mtaa
Zinakaa bila kazi kwa sababu ni amana, dada yangu. Amana haitafutiwi kazi.

Shemeji wa Wote
Mwenzenu nikiona mweka hazina wetu amenunua kitenge kipya naanza kuhesabu hisa zangu 😂 Dada pole, lakini mama zetu 26 wakijua, huo mpunga utakobolewa kwa meno.

Mzee wa Ifakara
Acheni utani. Binti, sikiliza mtu aliyepigwa.

Mwaka 2012 mchele ulipanda kama mwaka huu. Nikaweka mpunga Ifakara, vyumba viwili mpaka darini, kwa hela ya kuuza ng'ombe. Mwaka 2013 serikali, ili kuwapunguzia watu makali, ikaruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru. Sikupata barua. Nilijua siku mnunuzi wangu wa Dar alipoacha kupokea simu. Bei ikaporomoka, na wakulima wa Kilombero wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Niliuza chini ya nilivyonunua, na cha mwisho nililisha kuku.

Kinachoniuma hata leo ni kwamba waliokuwa na njaa mjini walikuwa na haki ya kushushiwa bei, na sisi tulikuwa na haki ya kuambiwa mapema. Waziri wa Kilimo, Bashe, amesema mara nyingi hatafunga mipaka kumnyima mkulima soko, na namuunga mkono. Lakini bei ikipanda tena kama Februari, shinikizo la kufungulia mchele wa nje litakuwepo tena. Wewe huwezi kuweka hela za wanawake 26 kwenye uamuzi ambao utausikia redioni.

Wa Kirinyaga
Habari zenu majirani. Mimi niko Kenya, karibu na Mwea, tunalima mpunga wa pishori. Niseme moja kuhusu India, kwa sababu naona dada ameegemea huko sana.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75. Kenya huomba ruhusa na kutoza 35, maana tunacholima hakitutoshi hata kidogo. Ndio maana madukani kwetu umejaa mchele wa Pakistani. Ninyi Tanzania mnalinda soko kwa ukuta wa 75, kwa hivyo bei yako ya Mbarali inafuata mvua yenu na mavuno yenu kuliko inavyofuata Delhi. India wakifunga, Pakistani wanapandisha, na hapo wafanyabiashara wetu wanawageukia ninyi. Faida ipo, lakini inakuja ikizunguka, na haina ahadi ya Desemba.

Kumbuka pia 2008. India ilianza kubana mwishoni mwa 2007, Vietnam ikafuata, mchele wa Thailand ukapita dola 1,000 kwa tani. Mwezi wa tano zikaja habari kwamba Japani itatoa akiba yake kwa Ufilipino, na bei ikaanza kushuka kabla hata meli haijapakia. Bei ya hofu hupanda haraka na kushuka vivyo hivyo.

Gunia la Misumari
Samahani wakuu, mimi naona mnaliwa akili. Rudieni post ya kwanza. Anasema alisikia India wamefunga ndipo akanunua MWEZI WA SITA. India walifunga tarehe 20 JULAI. Alisikiaje mwezi mmoja kabla? Huyu ni dalali. Kila msimu zinakuja nyuzi hizi: "nina mzigo, India wamefunga, niuze au nisubiri", watu mnatishika, kesho mnakimbilia dukani kununua gunia zima, bei inapanda kweli. Kikoba ni chumvi tu ya hadithi.

Kiguu na Njia
Mmh. Hapo kweli. Na mimi nimeshamwaga machozi ya Namanga.

Shemeji wa Wote
Mke wangu jana amenunua kilo 50 kwa sababu ya uzi huu. Nani ananirudishia?

Mkulima Halisi
Dalali au si dalali, gunia la lumbesa nililoeleza ni la kweli. Msiuzime uzi.

Bibi Chapati
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hasemi mume hajui.

Binti Uyole (14/8/2023)
Gunia la Misumari ana haki ya kuuliza. Nilichanganya makusudi.

Mwezi wa sita nilinunua 40, kwa hela yangu, za kuuza mahindi na akiba. India hawakuwemo kabisa, nilikuwa naikumbuka Februari tu. Zile 45 nilinunua tarehe 29 Julai, baada ya habari za India, na bei ilikuwa imeshapanda kwa maneno hayohayo ya India. Niliandika mwezi wa sita kwa zote ili msiulize ya pili ilitoka wapi. Daftari la ghala lina tarehe mbili, kurasa tofauti. Hiyo ya pili imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya bluu ilikuwa imeisha, na kila nikienda naona ule wekundu kwanza.

Hesabu Kwanza
Asante kwa kusema. Sasa hesabu. Gunia lako tuseme kilo 82. Mpunga mzuri kilo 100 hutoa mchele kilo 60 na kidogo, hivyo gunia ni kama kilo 51. Zile 40 mchele umekugharimu kama 2,160 kwa kilo. Zile 45, kama 2,550, bado kukoboa, ghala na gari. Kwa hiyo una mizigo miwili, si mmoja. Wa kwanza una nafasi ya faida leo. Wa pili unadai bei ipande ndipo urudi ulipoanza.

Uza ule wa kwanza uanze kuziba daftari la kikundi. Wa pili ubaki wako, na hofu yake iwe yako. Usingojee nao Desemba, ngojea nao Februari ukitaka, kwa hela yako.

Binti Uyole
Lakini nikiuza wa kwanza, faida yangu ya mwaka mzima inakuwa imekwenda kuziba. Na bei ikipanda wiki inayofuata?

Mzee wa Ifakara
Itakuwa imepanda, na una gunia 45. Mwenyekiti wenu umeshamwambia?

Binti Uyole (19/8/2023)
Jana nilipeleka gunia tatu mashineni kupima. Zimetoka kilo 152 za mchele, chenga kilo 11. Mnunuzi wa Mbeya mjini kanipa 2,350 kwa kilo, ananisubiri Jumatatu na gari kwa zilizobaki kwenye zile 40. Hata zote 40 hazitoshi kufika 5,850,000, lakini nikiongeza chache kwenye zile 45, kwa wiki mbili inafika. Mwenyekiti nilimfuata kwake, nikamkuta anachambua maharage. Hakuacha kuchambua hata nilipomaliza kusema. Kikao ni kesho baada ya ibada, niende na daftari na risiti za ghala.

Bibi Chapati
Nenda, mwanangu. Na zile chenga kilo 11 unauza bei gani? Nipo Mafinga, kuna basi linapita asubuhi.