Spinachi kila siku: maji ya kuchemshia yamwagwe au yaliwe?

Mboga_Saba aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Naulizia spinachi, ile ya majani mapana na shina jeupe inayouzwa kwa mafungu sokoni. Ikiliwa karibu kila siku, kwa nini baadhi ya watu hujaa gesi na choo kinatoka cha kijani? Je, kweli inaongeza damu? La mwisho: wengine wanasema usimwage maji ya kuchemshia kwa sababu vitamini zote zimo humo, wengine wanasema yamwage maana yana sumu ya figo. Lipi ni lipi?

Jani_Bichi:

Mkuu, kwanza tuitambue mboga yenyewe. Hiyo ya shina jeupe nene ni ndugu wa bitiruti. Spinachi halisi ina majani madogo laini na kijishina chembamba, na sokoni huonekana kwa nadra. Kiukoo zinakaribiana na tabia zake tumboni zinafanana, kwa hiyo majibu ya hapa yanazihusu zote mbili. Takwimu nitakazotaja ni za spinachi halisi.

Choo cha kijani ni rangi ya majani tu, wala si ugonjwa. Gesi inatokana na nyuzinyuzi: kikombe kimoja cha spinachi iliyopikwa, kama gramu 180, kina gramu 4 na kidogo. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi tumboni, zinafika utumbo mpana na bakteria wanazichachusha. Aliyezoea ugali na mchuzi akiruka ghafla hadi bakuli kubwa la mboga, lazima tumbo lilalamike. Aanze na vijiko vitatu au vinne vya kulia kwa mlo, aongeze taratibu kwa wiki mbili, na anywe maji ya kutosha. Nyuzinyuzi bila maji hufanya choo kuwa kigumu badala ya kulainika.

Angalieni pia kilichomo sufuriani. Vitunguu viwili vikubwa na maharage pembeni vinaleta gesi kuliko spinachi yenyewe, halafu lawama anabeba spinachi.

Kuharisha ni suala jingine. Hapo shuku uoshaji, hasa kwa mboga za mabondeni zinazomwagiliwa maji machafu. Tenganisha jani moja moja, osha kwenye maji yanayotiririka, na usikatekate kabla ya kuosha. Udongo hujificha pale shina linapokutana na jani.

Lishe_Bora:

Kuhusu damu, naomba tusidanganyane, hasa kwa ajili ya wajawazito. Gramu 100 za spinachi mbichi zina miligramu 2.7 za madini ya chuma, na mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Tena chuma cha mimea mwili unakifyonza kidogo kuliko cha nyama. Aliyepimwa akakutwa na upungufu wa damu atumie vidonge alivyopewa kliniki, mboga isaidie tu.

Ili isaidie kweli, kamulia ndimu sahani ikiwa tayari mezani, si jikoni, kwa sababu moto unaharibu vitamini C. Weka dagaa au nyama kidogo kwenye mlo huo huo. Chai isogezwe mbele angalau saa moja, maana tanini zake zinakamata chuma. Magadi acheni kabisa: yanaifanya mboga ibaki kijani na kulainika upesi, lakini yanaua vitamini C na kuongeza sodiamu.

Faida kubwa ya spinachi kwa mjamzito ni folati, yaani vitamini B9, maikrogramu 194 kwa gramu 100 zikiwa mbichi. Hiyo inayeyuka kwenye maji na kupungua kwa moto, ndiyo maana nampikia mtu mzima mwenye afya bila kumwaga maji: majani yaliyooshwa yanaingia sufuriani na unyevu wake, dakika 3 hadi 5, kisha mafuta kidogo au tui. Bila mafuta, ile karotini inayotengeneza vitamini A haifyonzwi vizuri.

Figo_Salama:

Nakubaliana na Lishe_Bora kwa mwenye afya. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya kalsiamu oksaleti kwake kanuni inageuka. Oksaleti ni kemikali ya asili ya mimea, na ndiyo hiyo mnayoiita sumu ya figo; spinachi ni miongoni mwa vyakula vyenye oksaleti nyingi kupita vyote, na ndiyo inayoacha meno yakikwaruza baada ya kula. Oksaleti inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo chemsha kwenye maji mengi, lita 2 kwa fungu, dakika 5 hadi 10, kamua, mwaga. Kupika kwa mvuke hakuitoi vya kutosha. Ile juisi ya kijani ya spinachi mbichi kila asubuhi ndiyo hatari zaidi kwake. Ale pamoja na mtindi au maziwa, kwa kuwa kalsiamu inaikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Na asitegemee kalsiamu ya spinachi yenyewe: mwili unapata kama asilimia 5 tu, wakati ya maziwa ni kama 27. Mchicha nao una oksaleti nyingi. Sukuma wiki ina kidogo sana, basi abadilishe.

Mwenye ugonjwa sugu wa figo aulize daktari wake kwanza, kwa sababu ya potasiamu nyingi iliyomo.

Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nawasihi sana. Kikombe kilichopikwa kina zaidi ya maikrogramu 800 za vitamini K, wakati mtu mzima anahitaji 90 hadi 120 kwa siku. Ukiongeza ghafla, dawa inapungua nguvu na damu inaweza kuganda. Ukiacha ghafla, unaweza kuvuja damu. Kula kiasi kile kile kila wiki na umwambie anayekupima damu.

Mboga_Saba:

Nashukuru sana wakuu. Na shina jeupe, litupwe?

Jani_Bichi:

Hapana, lina nyuzinyuzi nzuri. Likate vipande vya sentimita 1, litangulie sufuriani dakika 4, ndipo majani yafuate. Ukiviweka pamoja, majani yanaiva kupita kiasi na shina linabaki gumu, na hilo gumu ndilo linalosumbua matumbo mepesi. Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kikilala mezani usiku kucha, bakteria hugeuza naitreti ya mboga kuwa naitraiti, kemikali yenye madhara, kwa hiyo kimwage, na mtoto mdogo asipewe kabisa.